Nani Mwenye Jukwaa? Dhana potofu kuhusu sanaa, kazi na siasa

Mijadala yetu kuhusu sanaa na siasa huishia palepale: wimbo huu una ujumbe gani, mchezo ule unamsema nani. Naona tunaanzia pabaya. Kwanza tuulize jukwaa ni la nani, vyombo ni vya nani, nani aliamua lisemwe nini, na jioni ikifika nani anarudi nyumbani na fedha. Ukiuliza hivyo, mengi tuliyozoea kuyasema kuhusu sanaa ya jamii yanapwaya.

Dhana: Sanaa ya kuisemea jamii ililetwa na wafadhili

Ni rahisi kuamini hivyo, maana wengi wetu tuliiona kwa mara ya kwanza uwanjani, kwenye igizo la vyandarua au la ukimwi lenye nembo ya mradi. Lakini pwani yetu ilikuwa na ngoma ya beni tangu miaka ya 1890. Vijana wa Lamu na Mombasa waliiga bendi za kijeshi, wakajipa vyeo, wakashona sare, wakashindana mtaa na mtaa, na vyama vyao vikawa pia vya kusaidiana katika shida. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaisambaza bara.

Mwaka 1935 wachimba madini wa Ukanda wa Shaba, Zambia ya leo, waligoma kupinga nyongeza ya kodi, na sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya. Tume ya serikali iliyochunguza mgomo ilifuatilia pia habari za chama cha ngoma cha Mbeni, yaani beni ya huko. Wakoloni walikuwa wameng'amua kwamba watu waliozoea kujipanga kwa ajili ya ngoma hawashindwi kujipanga kwa ajili ya mshahara.

Dhana: Muziki si kazi, na bendi ya chama ni kasuku wa chama

Hizi ni dhana mbili, lakini historia ya bendi moja inazijibu zote. NUTA Jazz ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, mali ya chama cha wafanyakazi cha NUTA. Wanamuziki wake waliajiriwa na kulipwa mshahara wa mwezi kama makarani. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kilipogeuka OTTU, ikawa OTTU Jazz. Mwishowe ikabaki Msondo Ngoma. Anayetaka kusoma historia ya vyama vya wafanyakazi Tanzania anaweza kuanza na majina ya bendi hii.

Je, waliisifu serikali? Waliisifu sana. NUTA yenyewe haikuwa huru: iliundwa na serikali baada ya shirikisho la vyama vya zamani kuvunjwa, na katibu mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi aliyekuwa na malalamiko alikuta mwakilishi wake na waziri ni mtu mmoja. Kwa hiyo bendi ya wafanyakazi ilikuwa kwa kiasi kikubwa bendi ya serikali, na hilo tuliseme wazi.

Lakini kasuku hawezi kukesha na watu ukumbini usiku hadi usiku kwa miongo mingi. Nyimbo zilizodumu ni zile za ndoa, deni, wosia, ulevi, msiba, maisha ya mtu wa mshahara mdogo mjini. Mshahara uliotoka chamani ndio uliowapa watunzi nafasi ya kutunga hayo. Ulikuwa na bei yake: magitaa na matarumbeta yalikuwa ya mwajiri, na aliyeacha bendi aliondoka mikono mitupu. Wanamuziki walijibu kama mfanyakazi yeyote mwenye ujuzi, kwa kuhamia penye masilahi bora. Bendi ya Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, Muhidin Maalim Gurumo, sauti kubwa ya NUTA na JUWATA, alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Mashabiki wengi huita hilo usaliti, au utamu wa ushindani wa bendi. Mimi naliita soko la ajira, na naona tumemnyima Gurumo na wenzake heshima kwa kutolitaja kwa jina hilo.

Dhana: Msanii huwapelekea wananchi mwanga

Hapa nitakaa kidogo, maana Kamiriithu inastahili.

Kamiriithu iko Limuru, nje kidogo ya Nairobi. Ilianza kama kijiji cha hali ya hatari, watu wakikusanywa na wakoloni miaka ya 1950 ili wasiwasaidie Mau Mau. Kufikia miaka ya 1970 wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wachuuzi, na watu wasio na kazi. Mwaka 1976 darasa la ngumbaru lilianza katika kituo chao. Waliofuzu kusoma wakataka kitu cha kusoma na kuigiza, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakapewa jukumu la kuandika rasimu ya mchezo kwa Kikuyu: Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nitakapotaka.

Rasimu hiyo haikupokelewa kwa makofi. Wanakijiji waliisoma na kuikosoa. Wazee walikataa namna wahusika wazee walivyozungumzishwa, kwa sababu mzee hasemi hivyo. Waliowahi kutengeneza bunduki za kienyeji wakati wa Mau Mau waliwaonyesha vijana zilivyotengenezwa. Wafanyakazi wa kiwandani walileta hesabu yao: viatu wanavyotengeneza kwa siku moja vinatosha kulipa mishahara ya wote kwa mwezi mzima. Basi siku zinazobaki wanamfanyia nani kazi? Hoja ya namna hiyo haitungwi na mtu aliyekaa chuo kikuu. Hutungwa na aliyesimama kwenye mashine.

Jukwaa nalo walilibuni wenyewe. Walipanga njiti za kiberiti chini kuonyesha pa kukaa watu na pa kuchezea, wakatengeneza mfano mdogo, kisha wakajenga ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanywa hasa Jumamosi na Jumapili alasiri, kwa sababu siku nyingine watu walikuwa kazini. Yalifanywa hadharani, kila apitaye akiruhusiwa kusimama na kusema hapo mmekosea. Siku ya onyesho watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kujua maneno.

Wasomi walikuwepo, na mchango wao ulikuwa mkubwa. Lakini walifika kama mafundi wenye ujuzi mmoja kati ya mafundi wengi.

Dhana: Wenye mamlaka huogopa maneno

Hii inasemwa mno, hata na wasanii wenyewe, kwa sababu inawapa fahari. Tazama tarehe. Julai 1977 riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya Kiingereza, Petals of Blood, ilizinduliwa Nairobi, na mzinduzi alikuwa Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha. Riwaya ile inaishambulia tabaka tawala bila kuuma maneno. Mwandishi hakuguswa.

Ngaahika Ndeenda ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Mhusika wake mkuu, Kĩgũũnda, ni kibarua mwenye kipande kidogo cha ardhi, na hati yake ameitundika ukutani. Mwisho wa mchezo ardhi imemtoka, imeingia mikononi mwa tajiri anayemwajiri. Mnamo 16 Novemba kibali kiliondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Alipotoka, Chuo Kikuu cha Nairobi hakikumrudishia kazi yake.

Na tazama hili: mwaka 1980 mchezo uleule ulichapishwa kwa Kikuyu kama kitabu, ukauzwa. Maneno hayakubadilika, wala lugha. Kilichokatazwa ni wakulima na wafanyakazi kukutana kila wiki, kujiendeshea shughuli bila chifu wala mwanasiasa, kuamua pamoja na kuona kwamba wanaweza. Ndiyo maana, kundi lilipojaribu mchezo mwingine mapema 1982, serikali haikuhangaika na karatasi. Ilifuta usajili wa kituo, na tarehe 12 Machi polisi wenye silaha walifika kwa malori na kuubomoa ukumbi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na mwongozaji Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, wakaendelea na kazi hiyohiyo huko.

Dhana: Sanaa ya wafanyakazi ni ya jukwaani au ya maandamano

Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, inakataa. Miaka ya 1970 sebule za wachimba madini na makarani wa Shaba, yaani Katanga, zilipambwa kwa picha za wachoraji wa mtaani, nyingi zikiwa zimechorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Miongoni mwa zilizopendwa ni zile zilizoitwa Colonie Belge: mfungwa amelazwa chini akichapwa viboko, afisa Mbelgiji akisimamia. Watu walinunua picha hiyo kwa fedha yao, wakaitundika wanapokula na watoto.

Mchoraji mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake katika picha 101, na kuisimulia kwa Kiswahili cha Shaba kwa mtafiti Johannes Fabian. Ndani yake umo mgomo wa Desemba 1941 wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, waliopigwa risasi uwanjani, makumi wakafa. Kumbukumbu hiyo ilipita kwa wachoraji waliouza kazi ili wapate unga wa jioni. Naomba tuache kuiita sanaa ya namna hii mapambo ya watalii.

Dhana: Washiriki wajitolee, wenyewe wanafaidika na elimu

Hapa ndipo ninapokasirika. Kujitolea ni haki pale anayejitolea ni mmoja wa wenye mali, kama Kamiriithu. Pale ambapo rekodi, picha na sifa vinakwenda kwa mwingine, hiyo ni kazi bila ujira.

Lusanga, magharibi mwa Kongo, iliitwa Leverville baada ya Wabelgiji kumpa William Lever, mwenye viwanda vya sabuni Uingereza, maeneo makubwa ya mawese mwaka 1911. Kampuni iliyotokana na biashara yake, Unilever, ilikuja kudhamini maonyesho makubwa ya sanaa katika ukumbi wa Tate Modern, London, kuanzia 2000 hadi 2012. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashambani Lusanga waliunda umoja wao wa sanaa, CATPC. Hufinyanga sanamu kwa udongo, kisha nakala zake humiminwa kwa kakao na mafuta ya mawese, mazao yaleyale waliyovuna kwa ujira mdogo. Fedha ya mauzo imewasaidia kununua tena ardhi na kupanda miti na chakula. Mwaka 2024 walionyesha kazi zao katika banda la Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice. Mtu anaweza kuhoji nafasi ya msanii Mholanzi Renzo Martens katika mradi huo, na wengi wamehoji kwa haki. Ila ardhi imerudi kwa jina lao.

Kwa hiyo ukialikwa kuigiza kwenye mradi, uliza mapema, kabla ya kuvaa fulana. Rekodi itakuwa ya nani? Picha zitatumika wapi na kwa muda gani? Ngoma na vyombo vitabaki kijijini, au vitaondoka na gari? Na siku za mazoezi zimo kwenye bajeti? Siku ya mazoezi ni siku iliyoondolewa shambani au gengeni, na soda na nauli haviifidii. Kama mafuta ya gari la mradi yamepangiwa fungu, siku hiyo nayo ipangiwe.