Malighafi za fain kemikali: hiyo asilimia moja iliyobaki ni nini?

Ukisikia mtu wa kiwanda anasema wanatafuta malighafi, wengi hufikiria ni kununua tu, yaani unaangalia nani ana bei ya chini, unatuma pesa, lori linakuja. Kwa simiti labda inaweza kwenda hivyo. Kwa fain kemikali haiendi, na ndio nataka tuelewane hii kitu polepole, juu kuna vijana wengi huku kwetu Nakuru na Kisumu wanasomea kemia ama tayari wako kwa viwanda na hii sehemu hakuna mtu huwafundisha vizuri.

Fain kemikali ni kemikali moja iliyo safi, molekuli yake inajulikana, inatengenezwa kwa kiasi kidogo, bechi kwa bechi, na inauzwa bei ya juu. Inaenda kuwa dawa ya hospitali, dawa ya wadudu, manukato, rangi, ama inaingia kutengeneza kemikali ingine. Soda ash ya Magadi si fain kemikali, hiyo inatoka kwa matani na mtambo hausimami. Na sabuni ya maji ile watu wanachanganya nyumbani, Ungerol, Ufacid, CMC na chumvi, pia si fain kemikali, hapo unachanganya vitu vilivyotengenezwa na mtu mwingine (sawa, ukitia kostik kwa Ufacid, ambayo ni asidi, kuna kariakshoni kadogo hapo, lakini tusibishane).

Malighafi yake sasa ni kila kitu kinachogusa hiyo bechi. Nasema kila kitu. Ile kemikali unaanza nayo, ndio, lakini pia solventi (kimiminika cha kuyeyushia vitu), kichocheo, asidi ya kusawazisha, maji ya kuoshea, hata gesi ya naitrojeni unayopuliza juu ya tangi. Watu huweka macho kwa ile kemikali ya bei ghali alafu solventi wananunua popote, na mara nyingi solventi ndiyo nyingi kuliko vyote ndani ya tangi, kwa hivyo uchafu kidogo ndani yake ni uchafu mwingi ukihesabu.

Kuna mfano ulitikisa dunia nzima. Mwaka 2018 dawa ya presha inaitwa valsartan ilirudishwa kutoka kwa maduka ya nchi nyingi juu ilipatikana na NDMA, kitu ambacho kinashukiwa kuleta kansa. Ilitoka wapi? Watengenezaji walikuwa wamebadilisha njia ya kupika, wakatumia solventi ya DMF na sodiamu naitraiti kwa hatua moja. DMF ikivunjika kidogo inatoa amini ndogo (aina ya kemikali yenye naitrojeni), hiyo amini ikikutana na naitraiti kwa asidi, unapata NDMA. Kila malighafi peke yake ilikuwa na karatasi zake, shida ilikuwa ni zinapokutana zinafanya nini. Alafu baadaye ikaonekana solventi zilizosafishwa ili zitumike tena nazo zinaweza kubeba huo uchafu kutoka kazi moja mpaka ingine. Solventi ya kurudia ni bei rahisi, na si makosa kuitumia, lakini lazima ujue ilikuwa wapi kabla ije kwako.

Sasa tuje kwa hiyo namba watu wanapenda, asilimia 99. Mimi naona hiyo namba peke yake haikuambii kitu. Swali ni hiyo moja iliyobaki ni nini.

Chukua spiriti. Pale Muhoroni kuna kiwanda kinatengeneza spiriti kutoka kwa molasi ya viwanda vya sukari. Ukikeneka spiriti kawaida inafika kama asilimia 96 na inakataa kuendelea, hata ukeneke mara ngapi, juu maji na spiriti kwa hicho kiwango yanachemka pamoja. Ukitaka kufika 99 na zaidi lazima utumie njia ingine ya kutoa maji, siku hizi ni punje maalum zinazonyonya maji, zamani viwanda vilikuwa vinatumia benzeni. So unaweza kuwa na spiriti mbili mezani. Moja ni 96 na iliyobaki ni maji. Ingine ni 99 na ndani ya hiyo moja kuna alama ya benzeni, ama wametia methanoli ndio watu wasiinywe. Ipi ni safi? Kama unatoa dawa kwa majani na utakausha mwishowe, ile ya 96 ni nzuri kabisa na maji hayakusumbui. Kama unafanya riakshoni ambayo maji yanaiua, kwa mfano zile za kutumia magneziamu, hiyo 96 itakuangusha kabla hata hujaanza. Kwa hivyo kuchagua malighafi kunaanza na riakshoni yako, unakaa chini na mtu wa maabara unauliza ni uchafu gani unaweza kuvumilia na ni upi hauwezi, mnaandika kwa karatasi, na hiyo karatasi ndio inaitwa spek. Saplaya anakuja baadaye.

Kostik soda nayo ni hivyo hivyo. Zote ni nyeupe, zote zinaunguza, lakini imetengenezwa kwa njia gani? Kuna njia ya zamani ya zebaki, ambayo mkataba wa Minamata, ule wa dunia kuhusu zebaki, uliwekea mwisho wa mwaka 2025, kuna njia ya daiafram inayoacha chumvi ya kawaida ndani, na kuna ya membreni ambayo ni safi zaidi. Mtu wa sabuni hajali hiyo chumvi. Mtu ambaye kloraidi ya hiyo chumvi inamharibia kichocheo atajali sana.

Huku Nakuru enyewe hii kitu haifai kuwa ngeni, juu pareto imetufundisha zamani. Mkulima wa Molo ama Kuresoi anapeleka maua makavu lakini bei inaangalia pairethrini iliyo ndani, yaani ile dawa ya wadudu yenyewe, ambayo kwa maua makavu ni kama asilimia 1 hadi 2. Gunia mbili zenye uzito sawa zinaweza kulipa tofauti. Na hiyo pairethrini sehemu kubwa iko kwa kichwa cha ua pale mbegu zinakaa, haiko kwa zile petali nyeupe, kwa hivyo ukichuma mapema sana ama ukikausha vibaya unauza nyasi. Kiwandani wanaitoa kwa solventi, wanasafisha, na hata hapo unapata mchanganyiko wa molekuli 6 zinazofanana, ambao unasawazishwa mpaka kiwango mnunuzi anataka.

Pareto pia inaonyesha ile sehemu ingine ya kazi ya malighafi, kutafuta pa kununua. Kenya ilikuwa inalisha sehemu kubwa ya soko la dunia kwa miaka mingi, alafu malipo ya wakulima yakaanza kuchelewa, watu wakang'oa wakapanda viazi, na wanunuzi wa nje hawakungoja, wakaenda Tasmania kule Australia na wengine wakatumia zile za kutengenezwa maabara. Ukiwa mnunuzi, afya ya mtu anayekuzia malighafi ni shida yako, hata kama hujawahi kumuona.

Alafu kuna malighafi ambazo ni mabaki ya biashara ya mtu mwingine, na hizi ndizo watu hawazielewi. Molasi haitengenezwi ati kwa sababu wewe unaitaka, inatoka tu sukari ikitengenezwa. Mwaka 2023 serikali iliposimamisha usagaji wa miwa huku western juu miwa ilikuwa bado changa, hakuna bei ungelipa ifanye viwanda vitoe molasi. Na hiyo iliyokuwepo unagombania na mtu wa ng'ombe wa maziwa. Gliserini ni hivyo pia, inatoka kwa kutengeneza sabuni na mafuta ya baiodizeli, kwa hivyo bei yake inaenda na mambo ya watu wengine kabisa. Mwaka 2005 homa ya ndege ilipotisha watu, dawa ya Tamiflu ilikuwa inategemea asidi ya shikimiki, nayo ilikuwa inatolewa sana sana kwa kiungo kile cha nyota kinachokuzwa China, yaani kiungo cha pilau ndio kilikuwa kinashikilia dawa ya dunia nzima, mpaka wakaongeza njia ya kuitengeneza kwa bakteria.

Nimetaja gliserini, wacha nimalize hapo. Gliserini ni tamu, nzito, haina rangi, inatumika kwa dawa za maji za watoto. Diethilini glaikoli nayo ni tamu, nzito, haina rangi, ni bei rahisi kuliko gliserini, na inaua figo. Mwaka 1937 kule Marekani iliua zaidi ya watu 100 ikitumika kama solventi ya dawa, na sheria yao ya dawa ya 1938 ilitoka hapo. Ungefikiria imeisha. Mwaka 2003 Panama ikapokea mapipa yameandikwa gliserini ya asilimia 99.5, yametoka China yakapitia kwa broka Uhispania, na ndani ilikuwa diethilini glaikoli. Kila mkono uliopokea ulinakili karatasi ya aliyetangulia, jina la aliyetengeneza likapotea njiani, na hakuna hata mmoja aliyepima. Mwaka 2006 watu wengi wakafa. Nigeria 2008, Gambia 2022, hadithi ni ya familia moja.

Ndio maana cheti cha maabara, ile COA, kinafaa kuwa cha bechi uliyoletewa, namba ya bechi kwa cheti ifanane na ya dramu, na kionyeshe nani alitengeneza, si nani alikuuzia. Broka si mtu mbaya, huku kwetu bila broka wa Nairobi hauwezi kupata kilo 5 za kitu chochote juu mtengenezaji anataka kuuza kontena. Lakini broka ambaye hataki kukuambia kiwanda kilichotengeneza, mimi sinunui. Sampuli nayo usiamini sana, sampuli huchaguliwa vizuri, ni afadhali uitishe za bechi tatu tofauti uone kama zinafanana. Na ukipokea, pima mwenyewe angalau ujue ndicho kile kitu, dramu zikae pembeni zimeandikwa subiri mpaka maabara iseme ndio.

Namba ya CAS, ile inayotambulisha kila kemikali peke yake, pia angalia kabla ya kulipa. Asidi ya sitriki iko mbili, kavu ambayo ni 77-92-9 na ile yenye maji ndani ya chembe zake ambayo ni 5949-29-1. Ya pili ni kama asilimia 8.6 maji. Si uchafu, ni umbo lake, lakini ukipima kilo 100 ukifikiria ni ile kavu, umetia kama kilo 91 na nusu tu na bechi yako itakuwa nje ya hesabu.

Kuhusu bei, wacha nikupigie hesabu ya kubuni. Malighafi A ni shilingi 1,000 kwa kilo, B ni 1,300, unahitaji kilo 100. Ukichukua A umeokoa 30,000, bosi anakusifu. Sasa A ina uchafu unaofuata bidhaa mpaka mwisho, inabidi uyeyushe na kugandisha fuwele mara moja zaidi. Kama ungepata kilo 80 za kuuza kwa 6,000, na hiyo hatua ya ziada inakula asilimia 10, umepoteza kilo 8, hiyo ni 48,000, na bado hujahesabu solventi, stimu na siku nzima ya mtambo. Na ikiwa njia yako ni ndefu inauma zaidi, hatua 6 kila moja ikikupa asilimia 90 unabaki na 53 mwishowe, zikishuka kuwa 85 unabaki na 38 hivi.

Kuna pia vibali, na hapa nitapita haraka. Vitu kama asetiki anhidraidi na potasiamu pamanganeti viko kwa mkataba wa UN wa 1988 juu hutumika kutengeneza dawa za kulevya, hata asetoni iko, kwa hivyo usitume pesa kabla ya kuuliza kibali. Mzigo wa nje una ukaguzi wa KEBS, shirika letu la viwango, kabla haujapakiwa huko unakotoka. Ukikosa hiyo, unaanza kulipia stoo Mombasa na riakta yako huku imelala.

Kitu cha mwisho ni hali ya hewa, ambayo hakuna saplaya atakuambia. Asidi ya asetiki tupu, ile ya glesho, inaganda ikifika kama digrii 16.6. Kisumu inaweza kukaa mwaka mzima ikiwa maji maji. Nakuru usiku, ama Molo ndio usiseme, asubuhi unakuta dramu imekuwa barafu na mtu wa stoo anapiga simu kusema imeharibika. Haijaharibika, na kuganda kwenyewe ni dalili nzuri, juu ikiwa na maji mengi ndani ingeganda kwa baridi kali zaidi. Lakini ukikuta nusu imeganda na nusu ni maji maji, usichote hiyo ya juu ukapeleke maabara ama kwa tangi, inayoganda kwanza ndiyo safi na uchafu umesukumwa kwa hiyo iliyobaki. Weka dramu mahali pa joto bila moto wa wazi, iyeyuke yote, izungushwe ichanganyike, ndio uchukue sampuli.