Piki na roli si mchezo wa watu wawili

Wengi wakisikia piki na roli, mbinu ya mpira wa kikapu, huwaza watu wawili tu: mmoja anasimama kumzuia mlinzi, mwenzake anapita na mpira, kisha yule wa kwanza anageuka na kukimbilia kikapuni. John Stockton na Karl Malone walicheza hivyo katika timu ya Utah Jazz ya Marekani kuanzia 1985 hadi 2003, na sifa karibu zote zikawaendea wao. Lakini hebu watazame wale wenzao watatu waliobaki uwanjani.

Mwenye mpira akishapita kizuizi, mara nyingi walinzi wawili humkabili yeye, na anayekimbilia kikapuni hubaki huru. Nani atamziba? Mara nyingi ni mlinzi wa tatu, anayetoka kwenye kona. Sasa kama kona hiyo ina mtupaji hodari wa pointi 3, mlinzi huyo anasita, na hatua moja ya kusita inatosha kabisa. Wenzao wakijazana chini ya kikapu, kizuizi kizuri namna gani hakifui dafu.

Na kizuizi chenyewe si kumpiga mtu bega (kosa hili haliishi viwanjani): ukisogea ukamgonga, ni faulo. Simama imara, mwenye mpira apite bega lake likikaribia kugusa lako.