Mvulana wa Dinari Mbili: Kuwaandikia Vijana Riwaya za Vita vya Msalaba

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya riwaya za kihistoria kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 15, na hakuna kipindi kinachonifikia mezani kikiwa kimepotoshwa mara nyingi kama Vita vya Msalaba, yaani vita vya zama za kati ambamo Wakristo kutoka Ulaya na Waislamu waligombea Yerusalemu na nchi zinazoizunguka. Waandishi wanakipenda kwa sababu kimejaa mambo yanayomkesheza kijana: bahari, ngome, farasi, barua za siri, na wafalme ambao majina yao yanafahamika hadi leo. Tatizo ni kwamba wengi wao huanza na upanga. Mswada unaoanza na upanga humwacha mhusika kijana bila la kufanya, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 hakuvikwa deraya na kusimamishwa mstari wa mbele, hivyo mwandishi hulazimika kumpa nguvu za mtu mzima au kumgeuza mtazamaji. Ninaloshikilia mimi ni kwamba mhusika huyo atafutwe mahali ambapo pande mbili zilikutana, yaani forodhani, majini, sokoni, kwenye kazi ya ukalimani na kando ya handaki mapigano yalipotulia, kwa maana huko ndiko waandishi wa enzi ile wenyewe wanakotuonyesha vijana wakitenda mambo.

Mfano ninaoutumia kila ninapozungumza na waandishi ni kuzingirwa kwa Akka, mji wa bandari ulio kaskazini ya Haifa. Salahuddin al-Ayyubi, sultani wa Waislamu, alipolivunja jeshi la Wafaranji, yaani Wakristo wenye asili ya Ulaya, huko Hattin tarehe 4 Julai 1187, Akka ilisalimu amri siku chache baadaye, na Yerusalemu ikafuata tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo. Mwezi Agosti 1189, Guy wa Lusignan, mfalme wa Kifaranji wa Yerusalemu, ambaye alitekwa Hattin kisha akaachiliwa, alikuja na jeshi dogo akapiga kambi nje ya kuta za Akka, naye Salahuddin akaja na jeshi lake akaizingira kambi hiyo kwa upande wa bara. Kwa hiyo Waislamu walikuwa ndani ya mji, Wafaranji wakauzunguka mji, na Waislamu wengine wakawazunguka Wafaranji, na hali hiyo ikadumu karibu miaka miwili, hadi mji uliposalimu amri kwa Wafaranji tarehe 12 Julai 1191. Nimewahi kuwachorea watoto duara tatu kwenye ubao, moja ndani ya nyingine, nikawauliza ni nani anayeweza kutoka duara la nje hadi la ndani na atapitia wapi. Maswali yao yalinifundisha zaidi ya miongozo mingi ya uandishi niliyoisoma, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu upanga. Waliuliza kuhusu mfereji wa maji, bandari, ndege na usiku.

Majibu ya maswali hayo yamo katika maandishi ya Baha ad-Din Ibn Shaddad, kadhi aliyekuwa katika utumishi wa Salahuddin na aliyeshuhudia mengi kwa macho yake. Anaeleza kwamba askari wa pande mbili, kwa kukaa karibu muda mrefu, walizoeana kiasi cha kusimamisha mapigano wakazungumza, wengine wakaimba na kucheza, kisha wakarudi vitani. Siku moja wakasema kwamba wakubwa wamepigana vya kutosha na wadogo nao wapewe zamu yao. Wakatolewa wavulana wawili kutoka mjini na wawili kutoka kwa Wafaranji, wakashindana mbele ya watu. Mvulana mmoja wa Kiislamu alimrukia mwenzake, akamkumbatia, akambwaga chini na kumshika mateka. Mfaranji mmoja alijitokeza kumkomboa yule mtoto kwa dinari mbili, na kwa kuwa alihesabiwa kuwa mateka halali, mshindi alizipokea dinari zake akamwachilia.

Kisa hicho kinachukua mistari michache tu, lakini mwandishi wa vijana akikitazama kwa makini ataona kimebeba riwaya nzima. Kuna mchezo unaofuata kanuni za vita, kuna watu wazima wanaocheka huku wakitoa fedha halisi, na kuna mtoto ambaye kwa muda mfupi amekuwa mali ya mtoto mwenzake. Ibn Shaddad hakutuachia majina yao. Hatuambiwi yule aliyebwagwa alisema nini aliporudi kambini, wala yule mwingine alizitumiaje dinari zake ndani ya mji ambao chakula chake kilitegemea meli zitakazofanikiwa kupenya. Mwanahistoria hana budi kunyamaza hapo, na hapo ndipo mtunzi anapopata ruhusa ya kusema.

Kuhusu meli hizo, ipo habari ya mwaka 1190 ambayo huwa nawasomea waandishi taratibu ili waone jinsi ukweli unavyoweza kuwa na taharuki kuliko ubunifu. Meli kubwa ilipakiwa ngano, jibini, vitunguu na kondoo huko Beirut, na mabaharia wake Waislamu wakanyoa ndevu, wakavaa mavazi ya Kifaranji, wakatundika misalaba na kuweka nguruwe juu ya sitaha mahali ambapo wangeonekana kutoka mbali. Wafaranji waliwasogelea na kuwauliza wanakokwenda. Wakajibu kwamba wanakwenda kambini kwa wenzao, wakaendelea na safari hadi wakageuza ghafla na kuingia bandarini Akka. Mwandishi anayetaka kijana wake awemo katika meli hiyo hahitaji kumbunia kazi ya ajabu, kwani mtu lazima awashike wale nguruwe wasikimbie. Nawaomba waandishi wafikirie kijana Mwislamu aliyelelewa kumwona nguruwe kuwa najisi, ambaye usalama wa mji mzima sasa umo mikononi mwake pamoja na kamba ya mnyama huyo.

Kisha yuko Isa, mwogeleaji. Huyu alikuwa akiingia Akka usiku kwa kuogelea, akipita chini ya meli za adui, huku barua na fedha zikiwa zimefungwa kiunoni mwake, na akifika salama alirusha njiwa ili walioko kambini wajue. Usiku mmoja aliingia majini na njiwa hakuonekana. Baada ya siku kadhaa mwili wake ulitupwa ufukweni, na dinari 1,000 pamoja na barua za askari zilikuwa bado zimo kiunoni mwake. Ibn Shaddad anamsifu kwa kuifikisha amana hata baada ya kufa kwake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa neno amana, na katika hilo lugha yetu inampa mtunzi faida kubwa, kwa kuwa kijana wa Mombasa au Ujiji ameshalisikia nyumbani kabla hajalikuta kitabuni.

Wa tatu ni kijana mfua shaba kutoka Damascus. Wafaranji walikuwa wamejenga minara mitatu ya mbao yenye magurudumu, mirefu kuliko kuta za mji, wakaifunika kwa ngozi zilizolowekwa siki ili isishike moto, na mafundi wa nafta, yaani mafuta ya kuwasha moto vitani, wa mjini walikuwa wameshajaribu wakashindwa. Yeye hakuwa fundi wa vita, lakini alichanganya nafta na vitu vingine kwa namna aliyoijua mwenyewe. Mwanatarikh Ibn al-Athir anasimulia kwamba alirusha kwanza vyungu visivyo na moto, na Wafaranji waliokuwa juu ya mnara wakaanza kucheza na kupiga kelele za dhihaka wakidhani ameshindwa, kumbe mbao zilikuwa zinaloa. Chungu kilichofuata kilikuwa kinawaka. Minara yote mitatu iliteketea mwezi Mei 1190, na Salahuddin alipotaka kumtunuku, yule kijana alikataa akisema amelifanya kwa ajili ya Mungu. Hapa mwandishi makini hatasahau kwamba juu ya minara ile walikuwemo watu, na kwamba kijana aliwasikia wakicheka kabla hajawasikia wakilia.

Nimetaja visa vinavyotoka zaidi upande mmoja kwa sababu maandishi ya upande huo ndiyo yaliyojaa watu wadogo. Upande wa pili hauko mtupu. Mwalimu wa mwanamfalme Baldwin, William wa Tiro, anaeleza jinsi alivyoutambua ukoma wa mwanafunzi wake: watoto wa makabaila walikuwa wakicheza kwa kufinyana mikono, wenzake wakilia kwa maumivu, naye Baldwin akivumilia kana kwamba hasikii kitu. Mwalimu alidhani ni ushupavu, hadi alipogundua kwamba sehemu ya mkono wa kulia wa mtoto huyo wa miaka tisa ilikuwa imekufa ganzi. Mwaka 1174, akiwa na miaka 13, mtoto huyo alikuwa mfalme wa Yerusalemu.

Jambo linalonisumbua zaidi kuliko makosa ya tarehe ni mhusika kujua asiyoweza kuyajua. Hakuna mtu wa Akka mwaka 1190 aliyeamka akasema yumo katika “Vita vya Msalaba vya Tatu”. Hesabu hiyo ni ya wanahistoria waliokuja baadaye sana. Wakristo waliotoka Ulaya walijiita mahujaji, nayo safari yao waliiita hija, na Waarabu waliwaita wote Ifranj, wawe Waingereza, Wajerumani au Wafaransa, ndiyo maana nami nawaita Wafaranji. Habari nazo zilikwenda kwa mwendo wa matanga: kishindo cha Hattin cha mwezi Julai kilichukua miezi kama mitatu kufika kwa Papa nchini Italia, ambako wito wa vita vipya ulitolewa mwishoni mwa Oktoba 1187. Mfalme Richard wa Uingereza aliondoka Messina tarehe 10 Aprili 1191 akafika Akka tarehe 8 Juni, baada ya kusimama njiani na kuiteka Saiprasi. Mwandishi akiiheshimu miezi hiyo atagundua kwamba inamjengea taharuki bure, kwa kuwa mhusika anaweza kuomba msaada leo na asijue hadi msimu ujao kama barua yake ilifika.

Vitu vidogo vinahitaji uangalifu uleule. Niliwahi kupitisha mswada ambao kijana wake, akiwa kambini Akka, alikaa kando ya moto akila hindi la kuchoma. Sikuliona kosa hilo kwa sababu kwetu mahindi ni ya kawaida mno. Mahindi, nyanya, viazi mviringo na pilipili kali vilitoka mabara ya Amerika, navyo havikujulikana katika nchi hizo hadi baada ya mwaka 1492. Kosa lilitambuliwa na msomaji wa darasa la saba, kitabu kikiwa kimeshachapishwa. Kuanzia siku hiyo kila mswada unapofika mkononi mwangu huanza kuupekua jikoni kabla sijaenda uwanjani.

Kuna pia desturi ya kuwafanya Richard na Salahuddin wakutane. Walter Scott, katika The Talisman ya mwaka 1825, alimgeuza Salahuddin kuwa tabibu aliyeingia kambini kumtibu mfalme, na tangu hapo mkutano wao umerudiwa hadi watu wengi wanauamini. Hawakuonana hata siku moja. Walibadilishana wajumbe, al-Adil nduguye Salahuddin akazungumza na Richard mara kadhaa, Humphrey wa Toron, kabaila wa Kifaranji, akatafsiri kwa kuwa alikijua Kiarabu, na Richard alipougua mwaka 1192 alipelekewa matunda na theluji ya kupoza kinywaji. Kwa riwaya ya vijana ukweli huu una manufaa makubwa, maana wafalme wasipoonana lazima kuwe na wanaopita katikati yao, na mtu fulani lazima aibebe ile theluji kabla haijayeyuka.

Linabaki suala gumu la mauaji. Tarehe 20 Agosti 1191, malipo ya fidia yalipochelewa, Richard aliamuru mateka wa Akka wapatao 2,700 wauawe mbele ya macho ya jeshi la Salahuddin. Salahuddin naye aliwaua Wafaranji walioangukia mikononi mwake katika siku zilizofuata, na baada ya Hattin alikuwa ameamuru wapiganaji wa Templa na wa Hospitali, yaani mashirika mawili ya watawa wapiganaji wa Kikristo, waliotekwa wauawe. Huyohuyo Salahuddin ndiye aliyemrudishia mama wa Kifaranji mtoto wake wa miezi mitatu aliyeibwa na kuuzwa sokoni. Aliilipa bei ya mnunuzi, akasubiri hadi mtoto akaletwa, na Ibn Shaddad alikuwepo mama huyo alipomnyonyesha huku akilia. Vitabu vyetu vinasomwa darasani na watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wanaokaa dawati moja, na nimesikia ikishauriwa kwamba kwa sababu hiyo mauaji yaachwe. Siafiki. Mtoto akikua na kugundua kwamba tulimficha, hataamini tena hata yale mema tuliyomwambia. Tunachopaswa kuchagua ni umbali: ataona nini, kwa macho ya nani, na sentensi itakomea wapi.

Mswada nilio nao sasa unamfuata yule mvulana aliyekombolewa. Mwandishi wake alitaka awepo kilimani siku hiyo ya Agosti, nami nikasita, na tumeandikiana barua nyingi kuhusu ukurasa mmoja. Mwishowe tulikubaliana kwamba mvulana abaki kambini akiwanywesha farasi. Anaona mateka wakipitishwa wakiwa wamefungwa kamba, anatafuta miongoni mwao uso wa yule aliyembwaga chini mwaka uliotangulia, na vumbi ni jingi mno kiasi kwamba hawezi kuwa na hakika. Jioni farasi wanarudi. Anahesabu watu wanaorudi nao, na wote ni Wafaranji.