Mbio pekee hazimwingizi mkimbiaji chuo kikuu Marekani

Iten na Eldoret bado wapo wanaoamini kwamba kijana mwenye muda mzuri wa mita 5,000 atachukuliwa na chuo cha Marekani hata kama mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari ulimwendea vibaya. Imani hiyo imewapotezea vijana wengi miaka yao mizuri.

Kocha anaweza kumwombea nafasi tu. Barua ya udahili hutolewa na chuo, na ruhusa ya kushindana huamuliwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Ukikubaliwa na mmoja, mwingine bado anaweza kukukataa. Kweli, baadhi ya vyuo huwalegezea wanamichezo viwango vyao, lakini kiwango cha chini cha NCAA kiko palepale.

Kwa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya mashindano ya NCAA, yanahitajika masomo ya msingi 16 ya sekondari (somo la mwaka mmoja huhesabiwa moja), yakiwemo 4 ya Kiingereza na 3 ya hisabati, kwa wastani wa alama wa 2.3 katika kipimo cha 4.0. Mwenye 2.0 hadi 2.299 anaweza kulipiwa masomo na kufanya mazoezi, ila hashindani mwaka wa kwanza. Sharti la SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani, liliondolewa na NCAA mwaka 2023, ingawa vyuo kadhaa bado hudai mtihani huo.

Makaratasi nayo hukwamisha. Jina la kwenye cheti likitofautiana na la pasipoti, lirekebishwe mapema.

Akishafika, lazima asajili angalau krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 kila muhula. Akiacha kozi moja akabaki na 9 bila idhini, hashindani, na viza yake ya mwanafunzi inaingia hatarini. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada.