Msomaji amepitia mlango wa nani?

Kila asubuhi, kabla ya kikao cha wahariri, kitu cha kwanza ninachofungua ni ukurasa unaoonyesha wasomaji wa jana wametufikia kwa njia gani. Wapo walioandika anwani yetu wenyewe. Wapo walioletwa na Google, na wapo waliobofya kiungo walichokikuta Facebook. Wenzangu huuliza tumesomwa na wangapi. Mimi huuliza wamepitia wapi, maana idadi inaweza kunona huku njia yote ikiwa ya mtu mwingine.

Gazeti la karatasi lilikuwa na njia yake: mtambo, gari la alfajiri, muuzaji na meza yake. Hata yule anayesimama mezani akisoma vichwa vya habari bila kununua, alisimama mbele ya gazeti, na matangazo aliyoyaona yalikuwa yameshalipiwa kwetu. Leo anavisoma vichwa vilevile kwenye simu, katikati ya picha za harusi na salamu za ndugu, na tangazo linalofuata chini yake linamlipa mwenye mtandao. Huyo ndiye pia anayeamua nani aione habari na nani asiione. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya vyombo vya habari. Hakuna mhariri aliyepiga kura.

Ninapowafundisha waandishi vijana, huwapeleka Kanada. Juni 2023 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kama Google na Meta, mwenye Facebook na Instagram, zielewane na vyombo vya habari na kuvilipa kwa habari zinazopita kwao. Google ilikubali baadaye, Novemba, kutoa dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka. Meta ilikataa, na kuanzia Agosti ikazizuia habari kwenye Facebook na Instagram nchini humo.

Katikati ya Agosti hiyohiyo, moto wa msituni ulikaribia mji wa Yellowknife, huko kaskazini mwa Kanada. Wakazi wapatao 20,000 wakaamriwa kuhama. Fikiria uko kwenye foleni ya magari, moshi umetanda, unataka kumtumia jirani habari ya barabara iliyofungwa, na kiungo hakiendi. Watu wakaanza kupiga picha za skrini na kunakili maneno ili habari ipenye. Cabin Radio, chombo kidogo cha mtandaoni cha mjini humo, kiliendelea kuandika, na aliyejua kuifungua tovuti yake moja kwa moja alipata taarifa bila kumwomba mtu ruhusa.

Siilaumu sheria ile. Fedha za matangazo zilihama kweli, na kudai sehemu yake ni haki. Lakini kama nchi tajiri kama Kanada ilifungiwa mlango kiasi hicho, chumba cha habari cha Mwanza au Kisumu kitasimama mezani na nini?

Na sasa mlango wa Google wenyewe unabadilika. Tangu Mei 2024, ilipoanza na Marekani, imekuwa ikiweka juu ya viungo muhtasari ulioandikwa na mashine. Msomaji akitosheka nao hana haja ya kubofya, ingawa nauli ya mwandishi aliyekwenda kijijini kuuliza maswali tumeilipa sisi.

Ndiyo maana nasisitiza tuwe na orodha yetu wenyewe ya wasomaji. Mara nyingi naambiwa tufungue chaneli ya WhatsApp, nasi tunayo, ila WhatsApp nayo ni ya Meta. Barua pepe ni bora, na ujumbe mfupi wa simu unamfikia hata mwenye simu ya kitochi. Kikaoni naanza kwa kusoma safu ya walioandika anwani yetu wenyewe, hata siku ambayo ni fupi kuliko zote.