Enzi za matibabu ya bure na tunayoyasahau

Mjadala wa bima ya afya ukianza tu, atatokea mtu wa kusema kwamba Tanzania ya enzi za Mwalimu Nyerere tulitibiwa bure, soko huria ndilo lililotuharibia. Naelewa uchungu huo. Ila tukibeba historia nusunusu, tutadai kitu kisichokuwepo. Haya hapa madai ninayoyasikia, na majibu yangu.

"Hadi 1993 hakuna aliyelipa."

Kwa sera, vituo vya serikali havikutoza. Hospitali nyingi za misheni zilitoza. Halafu ikaja miaka ya 1980: vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, makabati ya dawa yamebaki na vumbi. Mwaka 1984 mama alikwenda kumzaa mdogo wangu na kapu lake: pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika kitandani. Kwenye pindo la khanga alifunga noti ya kumpa atakayempokea. Hakupewa risiti. Kwa hiyo uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza Julai 1993, ukianzia hospitali za rufaa kisha kushuka mikoani na wilayani, haukuwakuta watu wasiolipa. Uliyapa malipo dirisha na stakabadhi, na zile noti za pindoni hazikuisha siku hiyo.

"Hospitali binafsi zililetwa na soko huria."

Zilirudishwa. Madaktari binafsi walikuwepo hata baada ya uhuru, mpaka sheria ya 1977 ilipopiga marufuku tiba ya kibiashara. Mashirika ya dini yaliachwa yaendelee, na baadhi ya hospitali zao zikafanywa hospitali teule za wilaya, yaani zikahudumu kama hospitali za wilaya za serikali. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa.

"Nisipougua, hela yangu ya bima imeliwa."

Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya kaya, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, Tabora, mwaka 1996. Kwa miaka mingi kaya ililipa kati ya shilingi 5,000 na 10,000 kwa mwaka, serikali ikaongeza kiasi kilekile. Ndiyo hiyo iliyoitwa tele kwa tele. Hela ya asiyeugua ndiyo inayomtibu jirani, na mwakani zamu inaweza kuwa yako. Tatizo kubwa lilikuwa hiari: anayejijua mgonjwa alikimbilia kujiunga, mzima akasubiri, mfuko ukabaki mwembamba. Na kadi mara nyingi haikuvuka zahanati uliyoandikishwa. Sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 inalenga kila mtu aingie, na kwa hilo naiunga mkono kwa moyo wote.

"Maskini walitelekezwa kabisa."

Misamaha iliwekwa: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wenye kifua kikuu na ukoma, baadaye wazee wasiojiweza. Fukara mwingine huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kuomba barua, kisha ustawi wa jamii. Lakini kwa miaka mingi kituo kilichomtibu mwenye msamaha hakikurudishiwa ile ada, basi nani angejibidiisha kuutangaza? Tena msamaha unaishia kwenye dirisha la dawa.

Mama sasa ni mzee wa dirisha la wazee. Mwezi uliopita alipimwa presha bila kulipa hata senti, daktari akamsikiliza kwa upole, akaandika dawa mbili. Dirishani akaambiwa moja haipo, akanunue nje. Akaketi kwenye benchi, akafungua pindo la khanga.