Kodi za diminishi kwenye piano: ni nini, na zinaingia wapi

Kodi ni noti kadhaa zinazobonyezwa pamoja, na kodi ya diminishi ni ile ambayo ukiibonyeza peke yake inakuacha unaning'inia, unaskia kabisa kuna kitu kinakuja na hakijafika. Wengi wanaojifunza piano wakikutana nayo wanaona inakera masikio tu, wanairuka, wanabaki na meja (kodi za sauti ya furaha) na maina (za sauti ya huzuni) zao. Mimi naona hiyo ni hasara kubwa sana, maana huko kuning'inia ndo kazi yake yenyewe. Kodi hii mara nyingi haichezwi ili ukae hapo, inachezwa ili upite uende sehemu nyingine, na ukishaelewa inataka kwenda wapi umemaliza sehemu ngumu.

Inavyotengenezwa ni rahisi. Chukua C maina, yaani C, E flati na G, halafu ishushe hiyo G nusu toni moja, yaani uende ufunguo wa jirani kabisa kushoto, iwe G flati (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni, shapu ni iliyopandishwa), tayari hiyo ni C diminishi ya noti tatu. Ukihesabu funguo nyeupe na nyeusi bila kuruka hata moja, kutoka C mpaka E flati ni nusu toni 3, na kutoka E flati mpaka G flati ni 3 tena. Kwenye meja zinakuwa 4 kisha 3, kwenye maina ni 3 kisha 4, ila hapa ni 3 na 3. Sasa kati ya C na G flati kuna nusu toni 6, ambayo ni katikati kabisa ya oktava, yaani umbali wa kutoka C mpaka C inayofuata. Huo umbali unaitwa tritoni, na ule mvutano unaousikia unatoka hapo.

Utamu wenyewe upo ukiongeza noti ya nne. Panda nusu toni 3 nyingine kutoka G flati unafika A, hapo una C diminishi seveni: C, E flati, G flati, A. (Kwenye karatasi hiyo A huandikwa B yenye flati mbili, usishtuke, ufunguo ni uleule.) Panda 3 tena umerudi C. Yaani oktava nzima ya nusu toni 12 imekatwa vipande vinne sawasawa, kwahiyo hakuna noti iliyo kubwa kuliko mwenzake, yoyote kati ya hizo nne inaweza kuwa msingi, na C diminishi seveni ni vidole vilevile vya E flati, vya G flati na vya A. Ndo maana kwenye piano yote zipo tatu tu! Hiyo ya C, ya pili ni C shapu, E, G, B flati, na ya tatu ni D, F, A flati, B. Zote 12 unazoziona kwenye vitabu ni hizo tatu zinajirudia, basi zishike hizo kwa mkono wa kulia ukianzia noti yoyote, mkono wa kushoto uache na besi moja tu, maana ukizijaza zote nne huko chini zinavuma tu hazieleweki.

Haya inaingia wapi. Ukiwa kii ya C, yaani wimbo ambao nyumbani kwake ni C, panga kodi juu ya noti ya saba unapata B, D, F, kwa wanaoimba solfa hiyo ni ti, re, fa. Ona sasa, G seveni ni so, ti, re, fa. Kwahiyo B diminishi ni G seveni iliyotolewa G, na ndo maana inarudi nyumbani C vilevile: B inapanda nusu toni kwenda C, F inashuka nusu toni kwenda E. Ukitumia ya noti nne, B, D, F, A flati, ile A flati nayo inashuka G, mvuto unazidi. Kwenye kii za maina ni hivyohivyo, G shapu diminishi inatua A maina, na hapo ndo utaiskia kwa nguvu zaidi.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni ya kupitia. Kodi mbili zikiwa zimeachana toni nzima, katikati yake kuna ufunguo mmoja, weka diminishi hapo: C, C shapu diminishi seveni, D maina, D shapu diminishi seveni, E maina, besi inapanda ngazi moja moja na mkono wa juu hauhangaiki. Halafu kuna ile wapiga gospo na bluzi wanaitumia sana, F, F shapu diminishi seveni, kisha C yenye G kwenye besi. Hiyo F shapu diminishi seveni ni noti zilezile za C diminishi seveni, maana F shapu na G flati ni ufunguo mmoja. Icheze polepole usikilize vidole: C inabaki palepale, E flati inapanda E, F shapu inapanda G, A inashuka G. Kila noti imesogea kidogo au haikusogea kabisa, na ukishaizoea utaanza kuiskia kila mahali.

Kuhama kii nako inasaidia mno. Shika C diminishi seveni, shusha noti moja yoyote nusu toni, zingine tatu ziache, itageuka kuwa seveni ya kawaida, kama ile G seveni. Shusha C unapata B seveni inayokupeleka E, shusha E flati ni D seveni ya kwenda G, shusha G flati ni F seveni ya kwenda B flati, shusha A ni A flati seveni ya kwenda D flati. Kodi moja, milango minne.

Usiichanganye na nusu diminishi, ile yenye alama ya duara lililokatwa mstari au m7 yenye flati 5. Noti yake ya juu haishuki mpaka A, inaishia B flati: C, E flati, G flati, B flati. Ni laini zaidi, ina huzuni, na kazi yake kubwa ipo kwenye maina, mfano B nusu diminishi, E seveni, A maina. Ile siri ya kuwa tatu tu haiihusu, hizi zipo 12 kweli.

Kabla hujaanza kuchomeka diminishi kwenye wimbo unaoujua, sikiliza kwanza sauti inayoimba. Kama muimbaji ameishikilia noti inayogombana na kodi yako, labda anashika E wewe una E flati hapo chini, iache, subiri nafasi asipoimba au anapobadilisha noti, na usiikalie zaidi ya biti moja au mbili.